Mjadala: Maisha ya viongozi wakuu tuyasome kama orodha ya mafunzo, au tuyahakiki kama fasihi?

Wanajamvi, heshima kwenu. Naleta hoja ambayo kila ikiguswa watu hugawanyika: mtu anayetaka kujijenga afanye nini na maisha ya viongozi wakuu? Kuna wanaosema achukue mafunzo ayafuate, na habari za uhakiki awaachie walimu wa fasihi. Kuna wanaosema maisha ya mtu yakishaandikwa yamekuwa hadithi, na hadithi haimezwi bila kutafunwa. Mimi niko na hawa wa pili, tena kwa moyo wote. Kitabu cha kiongozi kikisomwa bila kuhojiwa kinazalisha shabiki, na shabiki hakui, anapaza sauti tu.

Nianze na mfano ambao wengi wenu mmeshakutana nao. Kuna orodha ya kushindwa kwa Abraham Lincoln inayozungushwa miaka nenda miaka rudi kwenye semina za hamasa. Alishindwa biashara, akaangushwa kwenye uchaguzi, akafiwa na mpenzi, akavurugika akili, akaangushwa tena, akakosa useneta mara mbili, halafu mwaka 1860 akachaguliwa Rais wa Marekani. Msikilizaji anatoka ukumbini damu inamchemka: kumbe na mimi niking'ang'ana nitafika!

Sasa ichukue orodha hiyo uisome kama mhakiki anavyosoma hadithi fupi. Swali lake la kwanza ni hili: msimulizi kaacha nini? Kaacha kwamba mwaka 1834 Lincoln alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Illinois, akarudishwa 1836, 1838 na 1840. Kaacha kwamba mwaka 1846 alishinda kiti katika Bunge la Marekani. Kaacha kwamba alikuwa wakili anayeheshimika, aliyetetea hadi kampuni ya reli. Na ule uchaguzi wa 1832 alioangushwa, alipokuwa kijana wa miaka 23, kijijini kwake New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Waliomkosesha kiti ni watu wa mbali ambao hawakumjua. Waliomjua walikuwa naye karibu wote.

Hebu oneni jinsi funzo linavyogeuka. Orodha inasema: vumilia, usikate tamaa, siku yako ipo. Habari kamili inauliza jambo gumu zaidi: hapo ulipo, wanaokujua kwa karibu wanakuamini? Ukiwaomba leo wakupe dhamana, wangapi watakupa? Hata kule kukosa useneta mwaka 1858 hakukuwa suala la kuvumilia tu. Lincoln alikusanya vipande vya magazeti vilivyochapisha midahalo yake na mpinzani wake, akavipanga, na mwaka 1860 vikatoka kama kitabu kilichomtangaza nchi nzima. Alikaa akaishughulikia hasara yake kwa mikono. Hilo kwenye orodha halimo, kwa sababu orodha inahitaji machozi mengi kisha ushindi mmoja wa ghafla. Huo ni mtindo wa ngano.

Najua jibu litakalokuja: kijana aliyekata tamaa hahitaji tarehe, anahitaji kunyanyuliwa. Hoja hii naiheshimu, maana inatoka kwa watu wanaowajali vijana. Lakini tumfuate kijana huyo baada ya semina. Anang'ang'ana mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hajajenga imani kwa mtu yeyote, hana wa kumshika mkono, hajui kwa nini milango haifunguki. Orodha ilimwambia kinachohitajika ni moyo, na moyo anao. Basi anahitimisha kwamba kasoro ni yeye mwenyewe. Nusu ya ukweli ilimnyanyua, na nusu hiyohiyo ikamwangusha mahali pabaya kuliko pale ilipomkuta.

Sina muda mrefu na orodha za tabia za asubuhi. Mnaambiwa wakuu wote huamka alfajiri, wakati Winston Churchill alizoea kufanya kazi za asubuhi akiwa kitandani na mchana akalala usingizi kamili. Tusonge mbele.

Lililo zito zaidi ni suala la kielelezo. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakuu wa Ugiriki na Roma, anasimulia kwamba Julius Caesar, aliyekuja kuwa mtawala wa Roma, akiwa Hispania alikaa akisoma habari za Alexander, mfalme mshindi wa Makedonia, akazama katika mawazo, kisha akalia. Rafiki zake wakashangaa. Akawaambia, kwa umri ule Alexander alikwisha kuwa mfalme wa mataifa mengi, naye bado hajafanya lolote la kung'ara. Kisa hiki kinapendwa sana na wahamasishaji: tazama, kitabu kimemwasha mtu!

Kimemwasha, ndiyo. Kimemwasha afanye nini? Plutarch huyohuyo anaandika kwamba vita vya Caesar huko Gaul, Ufaransa ya leo, viliua watu milioni 1 na kuteka wengine idadi hiyohiyo. Wanahistoria wa leo wanaona takwimu hizo zimetiwa chumvi, lakini hakuna anayebisha kwamba damu ilimwagika kwa wingi wa kutisha. Na ukirudi nyuma hatua moja, Alexander mwenyewe alikuwa msomaji. Inasemwa alilala na tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, chini ya mto pamoja na jambia. Alipoiteka Gaza mwaka 332 KK, mwandishi Mrumi Curtius anasema alimtoboa kamanda wa mji visigino, akamfunga nyuma ya gari la farasi na kumburuta, akijivuna kwamba anamwiga Achilles, shujaa wa utenzi wa Homer. Kwa Homer, Achilles alimburuta adui yake Hector akiwa maiti. Huyu aliburutwa akiwa hai.

Hapo ndipo nawaomba mkae kidogo. Utenzi uleule una sura ya mwisho ambamo Achilles, baada ya kuburuta maiti siku kadhaa, anafuatwa hemani na Priam, baba mzee wa Hector, anayebusu mikono iliyomuua mwanawe. Wanalia pamoja, na Achilles anairudisha maiti. Utenzi mzima unaelekea pale. Ni shujaa aliyechoka na ukatili wake mwenyewe. Ikiwa Curtius anasema kweli, Alexander alichukua ukatili, akauacha msamaha. Alisoma akitafuta picha yake, akaipata, akafunga kitabu.

Mfano unaoniuma kuliko wote ni huu. Tarehe 25 Novemba 1864, jijini New York, mwigizaji John Wilkes Booth alipanda jukwaani na kaka zake wawili kuigiza tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Caesar, ileile ambayo Mwalimu Nyerere alituwekea katika Kiswahili kwa jina la Juliasi Kaizari. Tarehe 14 Aprili 1865 Booth akampiga risasi Lincoln. Akiwa mafichoni aliandika katika daftari lake akilalamika kwamba anawindwa kwa kufanya jambo lilelile lililompa heshima Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar.

Jamani, mtu huyu tamthilia ile aliijua kwa mdomo! Aliijua, na bado hakuisoma. Caesar anauawa mwanzoni mwa sehemu ya tatu kati ya tano. Inabaki karibu nusu ya tamthilia, na ndani yake kila alichokitaka Brutus kinaharibika. Umma aliotaka kuukomboa unageuka kundi la wachomaji moto. Wenye nguvu wapya wanaketi kuandika majina ya watu wa kuuawa. Brutus anagombana na rafiki yake juu ya fedha, anatokewa na mzimu wa Caesar, na mwishoni anajitupa juu ya upanga alioshikiwa na mtumishi. Shakespeare anampa Brutus maneno mazuri ya kuagwa, kisha anatuacha na Roma iliyo mikononi mwa watu wagumu kuliko Caesar. Mwenye kuhakiki angeuliza: mwandishi anamheshimu Brutus kwa kuua, au anasikitika kwamba mtu mwema aliamini kuua kunaleta uhuru? Swali hilo moja lingetosha kumtikisa.

Na Lincoln naye alikuwa msomaji wa Shakespeare, hasa wa tamthilia ya Macbeth. Tarehe 9 Aprili 1865, siku tano kabla ya risasi, alikuwa kwenye meli ya River Queen akirejea Washington. Mfaransa aliyekuwemo, Chambrun, ameacha kumbukumbu kwamba Lincoln aliwasomea wenzake kwa sauti kwa saa kadhaa. Alipofika pale Macbeth, akiwa amekwisha kumuua mfalme Duncan, anapoonea wivu usingizi wa mtu aliyemuua, alisita. Akaeleza jinsi mwandishi alivyoijua nafsi ya muuaji, kisha akakirudia kipande kile. Siku hiyohiyo Lee, jemadari wa majimbo ya Kusini yaliyoasi, alikuwa akisalimu amri. Rais aliyekuwa anashinda vita vilivyoua mamia ya maelfu alikuwa na haki ya kusoma ushindi, akachagua kusoma juu ya mtawala asiyepata usingizi. Mimi naona pale msomaji aliyekubali kuhojiwa na kitabu.

Huko ndiko kukua ninakokusema. Booth alikiuliza kitabu, mimi ni nani humu? Akajijibu haraka kwamba ni shujaa. Lincoln aliacha kitabu kimuulize yeye.

Wapo watakaosema uhakiki unazaa watu wasioamini chochote, kwamba kijana akianza kuchokonoa kila mkubwa atabaki bila wa kumtazama. Si kweli, na shahidi wangu ni Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa nchini Marekani, akatoroka mwaka 1838, akaandika maisha yake mara tatu: 1845, 1855 na 1881. Kitabu cha kwanza kinakufikisha mlangoni pa utoro wake, kisha kinanyamaza. Anasema wazi kwamba hataeleza alivyotoroka, ili asiwaponze waliomsaidia wala kuziba njia kwa walio nyuma. Siri ile ya nguo za baharia na karatasi za kuazima aliitoa baada ya utumwa kufutwa. Ukiuliza kaacha nini, kwa Douglass unakuta ukimya wenye heshima, na unampenda zaidi.

Lakini uliza tena, kwa sababu kuna ukimya mwingine. Anna Murray, mwanamke huru aliyemsaidia kwa fedha zake kutoroka, akawa mkewe na kumlelea nyumba kwa zaidi ya miaka 40, ndani ya vitabu vile anapita kama kivuli. Binti yao Rosetta ndiye aliyekuja kusimulia habari za mama yake. Douglass anapungua? Kwangu hapungui, anakuwa mtu. Na ni yeye mwenyewe katika hotuba yake maarufu juu ya watu waliojiinua aliyesema kwamba, kwa hakika, hakuna mtu aliyejitengeneza peke yake. Wanaomnadi leo kama mtu wa juhudi binafsi tupu wangeisoma hotuba hiyo hadi mwisho. Kijana anayemjua Douglass pamoja na Anna hatajiona mnyonge kwa kuhitaji msaada, na akifika juu atajua nani wa kumtaja.

Nakubali jambo moja bila kulazimishwa. Fasihi peke yake haimsafishi mtu. Stalin, yule dikteta wa Kisovieti, alichapisha mashairi akiwa kijana mwaka 1895, akafa na maktaba ya maelfu ya vitabu, mamia yakiwa na alama za kalamu yake pembeni. Alisoma kwa makini, tena kwa kuhoji. Kwa hiyo asije mtu akasema nimedai uhakiki unatosha. Mtu anaweza kuhoji kila kitabu na asijihoji mwenyewe hata mara moja.

Hoja ninayoiona kali zaidi dhidi yangu nawawekea mezani wenyewe, maana najua mmojawenu ataileta. Mwaka 1904 Gandhi alipewa kitabu kidogo cha Mwingereza John Ruskin kuhusu uchumi na utu, apate cha kusoma kwenye treni kutoka Johannesburg kwenda Durban. Hakuweza kukiweka chini. Usiku ule hakulala, akaamua kubadili maisha yake yaendane na kitabu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameanzisha shamba la Phoenix ambamo wote walifanya kazi za mikono. Hakungoja uhakiki. Alimeza, akatenda, na matunda yake dunia iliyaona. Utetezi wangu ni kwamba baadaye, mwaka 1908, alikifanyia muhtasari kwa Kigujarati kwa maneno yake mwenyewe, na mtu huwezi kufanya kazi hiyo bila kukipima kitabu sentensi kwa sentensi. Ila hiyo ni miaka 4 baada ya treni. Uamuzi ulitangulia.

Sasa nipeni majibu. Gandhi usiku ule alikuwa shabiki au mhakiki? Na wewe unayeniandikia, taja kiongozi mmoja ambaye maisha yake yalibadili jambo katika mwenendo wako, kisha utuambie ulipomsoma ulikuwa umeshajua alimwacha nani nje ya kitabu.