Gitaa langu la kwanza la umeme: lilikuwa bovu kweli au tulilionea tu? Nataka kumpa mpwa wangu

Mpambio_Kimara:
Wakuu habari za muda huu, naomba ushauri kwa wanaojua magitaa, hasa mafundi na wapigaji wa zamani.

Gitaa langu la kwanza la umeme nilinunua Kariakoo mwaka 2009, lile umbo la Strato (Stratocaster ya Fender), jekundu na plastiki nyeupe kifuani, linakuja na ampu ndogo ya wati 10, kebo na mkanda vyote boksi moja, na jina lililoandikwa kichwani sijawahi kuliona popote tena mpaka leo. Nimelipigia kwaya miaka kadhaa, mapambio, mikesha, ibada za vijana, afu kanisa likanunua lingine la maana hili likapanda juu ya kabati. Kila aliyelishika alikuwa anasema hili toi. Na kwa kweli lilinitesa, nyuzi zimekaa juu hadi vidole vinawaka moto, ukipiga kodi za mwanzo kule karibu na kichwa linasikika safi tu, ukienda freti (vile vyuma vya shingoni) ya saba kuendelea kila kitu kimepinda mpaka mwalimu wa kwaya anageuka kukuangalia. Nyuzi nene zinasikika kwa mbaaali, nyembamba zinapiga kelele. Ukisogea karibu na taa ya tyubu ampu inanguruma.

Sasa juzi mpwa wangu wa miaka 14 kaliona, nikalishusha nikafuta vumbi nikapiga kidogo, nikashangaa shingo yake inakaa mkononi vizuri kuliko hata lile la kanisa. Ndo najiuliza, lilikuwa bovu kweli au tulikuwa tunafuata maneno ya watu? Au ni mapenzi ya zamani yananidanganya? Nimpe dogo hili hili au nijipange nimnunulie lingine? Naomba kuwasilisha.

Jembe la Ubungo:
Mkuu usimtese mtoto. Hayo magitaa ya boksi moja shughuli yake tunaijua. Tafuta Yamaha Pacifica au Squier hata ya mkononi, dogo aanze na kitu kinachokaa kwenye tyuni. Mtoto akipiga kodi sahihi akasikia uchafu anadhani kosa ni lake, wiki mbili karudi kwenye simu. Nimeona wengi.

Bint Chumbageni:
Jembe umeongea ila bei ya hiyo Pacifica unaijua lakini? 😂 Mtu kaomba ushauri wa gitaa lililopo juu ya kabati wewe unampeleka dukani.

Fundi Nyaya:
Mkuu Mpambio kabla hujalihukumu nijibu kitu kimoja. Nyuzi zilizopo sasa hivi, zile nene, zina rangi gani? Nyeupe ya chuma au zina umanjano kama dhahabu?

Mpambio_Kimara:
@Fundi Nyaya ngoja nicheki... zina umanjano, zingine zimeshapata kutu nyeusi. Hizo alituletea mzee wa kanisa, duka la jirani lilikuwa na za aina hiyo tu kwahiyo miaka yote tumefunga hizo hizo.

Fundi Nyaya:
Nilijua tu. Hizo ni nyuzi za gitaa kavu, lisilo la umeme, ndugu yangu, na hapo kesi yako karibu yote imeisha.

Sikiliza. Pikapu, kile kinachookota sauti chini ya nyuzi, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, haisikii hewa kama maiki, inasikia chuma kinachotikisika juu yake. Nyuzi za gitaa la umeme zile nene zimezungushiwa chuma au nikeli, za gitaa kavu zimezungushiwa bronzi, na bronzi haina habari na sumaku, pale pikapu inaokota ule uzi mwembamba wa chuma uliopo katikati tu. Ndo maana besi zako zilikuwa kwa mbali na hizi nyembamba ambazo ni chuma kitupu zinapiga kelele. Pikapu wala haikuwa mbovu.

La pili, seti ya kawaida ya gitaa kavu ni 12 mpaka 53 (unene wa uzi mwembamba kabisa mpaka mnene kabisa, kwa elfu za inchi), ya umeme ambayo Strato nyingi zinafungwa ni 9 mpaka 42. Nyuzi nene zinavuta zaidi. Shingo inapinda kuja mbele kama upinde, na lile daraja la Strato linashikiliwa na springi kwa nyuma kwahiyo nalo linanyanyuka, matokeo yake nyuzi zinakaa juu. Ukiukandamiza uzi uliokaa juu unauvuta, noti inapanda, na kadiri unavyosogea freti za kuelekea kifuani ndo inazidi, hapo mwalimu wa kwaya lazima ageuke. Ukitaka kuhakikisha piga ile sauti ya kengele freti ya 12, yaani gusa tu usikandamize, halafu kandamiza hapo hapo. Zote mbili zinatakiwa ziwe noti moja. Ya kukandamiza ikiwa juu, kile kitandiko cha uzi pale darajani kirudishwe nyuma, kuna skrubu yake. Gitaa la aina hiyo kutoka kwenye nati ya kichwani mpaka darajani ni milimita 648, kwahiyo freti ya 12 iko kwenye 324, nusu kamili.

Kunguruma kwenye taa, hiyo ni tabia ya pikapu za koili moja, hata Fender ya mamilioni inanguruma. Ukishika nyuzi kelele ikipungua basi ethi iko sawa, usihangaike.

Jembe la Ubungo:
Fundi sikatai ila bado ni plaiwudi hiyo, fungua kifuani utaona matabaka kama meza ya shule.

Fundi Nyaya:
Inawezekana kabisa. Ila Danelectro za Marekani miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa masonite, ni ukoo mmoja na hadibodi tunazopigia siling huku, na leo watu wanazigombania, Jimmy Page mwenyewe, yule wa Led Zeppelin, kapiga. Kwenye haya ya bei chee mimi naogopa zaidi pegi (zile za kukazia nyuzi kichwani) zinazocheza, nobu za volyumu zinazokwaruza na ncha za freti ambazo kiwandani hawakuzipiga tupa.

Mpambio_Kimara:
Ncha za freti zinachana kweli, ukiteleza mkono unaiona damu. Na nobu ya volyumu inakwaruza krrr krrr.

Mzee wa Rumba:
Vijana mnanichekesha. Sisi enzi za bendi za mashirika mpigaji hakuwa na gitaa, gitaa lilikuwa la bendi na bendi ilikuwa ya shirika, angalia NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ukifukuzwa unaondoka mikono mitupu. Franco wa Kongo wanasimulia alianza na gitaa la kopo alilojitengenezea akafunga nyaya za umeme. Leo mtu ana gitaa lake mwenyewe juu ya kabati anauliza kama linafaa. Mpe mtoto bwana.

Omosh254:
Mzee heshima yako lakini Franco hakubaki na hiyo kopo 😅 Huku kwetu sisi wa benga tunaishi juu kule freti ya 12, gitaa ikiwa imepinda huko umeisha. Namuunga mkono fundi, badilisha nyuzi kwanza ndio ujue unapewa nini. Isipokubali basi mnunulie.

Mpambio_Kimara:
Asanteni sana wakuu. Nimeagiza seti ya 9 mpaka 42. @Fundi Nyaya nikishafunga nikaze ile chuma ya ndani ya shingo au niache?

Fundi Nyaya:
Acha kwanza! Legeza hizo za zamani taratibu zote zikiwa zimelegea ndo utoe, funga mpya, tyuni, liache lilale mpaka kesho. Mzigo umepungua, shingo inaweza kunyooka yenyewe na daraja likakaa chini, ukikaza leo kesho limepinda kwa nyuma nyuzi zinalia zzzz freti za mwanzo. Ikibaki na upinde ndo unageuza robo tu, tyuni tena. Ncha za freti tupa ndogo na msasa laini, bandika kwanza tepu kwenye mbao. Nobu pulizia dawa ya kusafishia swichi, zungusha zungusha. Pegi zikiteleza kanunue seti nyingine. Tuma picha ya nyuma pale kwenye springi nione ziko ngapi.

Bint Chumbageni:
Na ile ampu ya wati 10 angalia kama ina tundu la hedifoni kabla hujampa, dada yako asije akaturudia hapa na uzi wake.