Mrejesho: Wageni wameingia kihambani

Wakuu, niliwauliza nifanyeje ili kihamba chetu cha Marangu, Kilimanjaro (shamba la ukoo la Wachagga linalozunguka nyumba), kipokee wageni wa matembezi bila kuharibiwa. Asanteni kwa ushauri. Njia tuliizungushia kamba, ikakwepa mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) na miche ya kahawa iliyopandwa juzijuzi. Kilichowashika zaidi ni mpangilio wenyewe: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini ya kivuli chake, magimbi chini kabisa, na ng'ombe zizini anayelishwa majani ya migomba huku samadi ikirudi kwenye mashina. Mama mkwe aliwamenyea ndizi za mtori, maswali hayakuisha! Uliyeshauri makundi madogo, ubarikiwe sana. Kundi kubwa lingekanyaga magimbi yote. Sasa tunachimba choo cha wageni.