Kinyonga wa mwanangu: tangi la kioo au tundu la wavu?

MamaSalim (Leicester)
Jamani, naombeni msaada, hasa mnaofuga. Mwanangu wa miaka 12 amenisumbua mwaka mzima mpaka baba yake akamnunulia kinyonga wa Yemen, wale wenye kilemba kichwani. Ana miezi minne, muuzaji kasema ni dume, tukamwita Juma. Mama yangu yuko Tanga, nilipomwonyesha kwa simu ya video alikata palepale, kisha akatuma sauti: "Nyumba ina mtoto, wewe unaingiza kinyonga?" Haya, hilo tunaendelea nalo.

Shida ni makazi. Tulikuwa na tangi la zamani la samaki, refu mita moja lakini kwenda juu ni sentimita 40 tu. Tumemwekea tawi na kibakuli cha maji. Leo siku ya tatu anakwangua kioo kutwa, pembe ileile, na rangi imegeuka kama kahawa iliyoungua. Maji hajagusa. Dukani wananiambia ninunue tundu la wavu. Jirani anasema kwa hizi hita zetu za majira ya baridi, wavu utamkausha. Nani mkweli? Na liwe kubwa kiasi gani? Sebule yangu ndogo.

BabuNyenje (Hamburg)
Dada, mtoe humo leo, usingoje wikiendi. Anajiona kwenye kile kioo na anadhani ni kinyonga mwenzake kamvamia, ndiyo maana kawa mweusi. Na kibakuli kitoe: maji yaliyotulia hayatambui. Anakunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, kwa hiyo mpulizie majani asubuhi na jioni.

Muuzaji na jirani, wote wana haki. Wavu mtupu unapitisha hewa vizuri, lakini ukiwasha hita mwezi wa kwanza, unyevu wote unakwenda zake. Mimi nilinunua tundu la wavu, nikaziba pande tatu kwa karatasi ngumu za plastiki, nikaacha mbele na juu wazi. Hewa inaingia chini mbele, inatokea juu. Limenidumu miaka tisa hilo.

Ukubwa: dume aliyekomaa anataka sentimita 60 kwa 60, na kwenda juu 120. Hapo usibanie. Huyu anaishi kwenda juu, sakafu haina kazi naye. Sebule ndogo? Liweke juu ya meza pembeni, awe juu ya macho yenu. Kwao anayekutazama kutoka juu ni ndege aliyekuja kukula.

Taa zote ziwe NJE ya wavu. Wangu alijining'iniza chini ya balbu ya joto, kilemba kikaungua, kovu analo mpaka leo. Sehemu ya kuotea joto iwe nyuzi 29 hivi, inamtosha huyo mdogo, usiku zima kila kitu. Ya pili ni taa ndefu ya UVB, yaani mionzi kama ile ya jua, ule mrija, tawi lake liwe sentimita 20 hivi chini yake. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia ile mionzi, na bila hiyo atapata matege kama mtoto. Ibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka.

Jaza majani halisi, fikasi au haibiskasi. Atayatafuna, mwache.

Halafu mwangalie mguu wa nyuma, pale kisiginoni. Dume anazaliwa na kidutu kidogo pale. Wauzaji wanakosea sana.

Kiambu_Kijani
Huku kwetu wale wa pembe tatu wanakuja wenyewe kwenye ua wa kei apple, tunawaangalia tu. Nasema mapema kabla mtu hajaniuliza bei: kumkamata na kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa. Halafu yule ni wa baridi ya milimani, joto la huyo wa Yemen lingemmaliza.

MamaSalim (Leicester)
Babu, ahsante. Yuko kwenye fikasi ya sebuleni kwa sasa, Salim anamlinda kama askari, na rangi ya kijani imeanza kurudi. Tumemmulika tochi. Hakuna kidutu, kulia wala kushoto. Salim kanuna kidogo, halafu kasema basi aitwe Mwanajuma. Kuna kinachobadilika kwenye tundu?

BabuNyenje (Hamburg)
Kinabadilika, tena kikubwa. Jike anaridhika na tundu dogo zaidi, 45 kwa 45 na urefu wa 90, hapo sebule imepona. Lakini atataga hata bila dume, anaweza kuanza miezi miwili tu ijayo, na asipopata pa kuchimba mayai yanamkwama. Jike wangu wa kwanza alikufa hivyo. Siku nne alizunguka chini ya tundu akichimba kwenye vyungu vya maua, mimi nikidhani anacheza.

Tafuta ndoo isiyopitisha mwanga, tia mchanga safi wa kuchezea watoto, kina sentimita 25 au 30. Ulowe kiasi kwamba ukichoma shimo kwa kidole lisibomoke. Iache ndani moja kwa moja, isiwe ya kutafutwa siku ya uchungu. Ukimwona anachimba, funika tundu kwa shuka na umwambie Salim asichungulie. Akiona mtu anaacha shimo.

Na nyenje mpunguzie akishakua. Jike anayeshiba sana hutaga mayai mengi kupita nguvu zake.

MamaSalim (Leicester)
Ndoo ya rangi ya lita 10 inafaa?

BabuNyenje (Hamburg)
Kama ni ya rangi ya ukutani, hapana, harufu haiishi. Nunua mpya.