Javier, Xavi, Xabi: ni jina moja?

Swali: Wadau, nafuatilia sana soka la Hispania. Je, majina haya yana asili moja?

Jibu la 1: Moja kabisa, mkuu. Lilianza kama jina la mahali: ngome ya Javier huko Navarra, kaskazini mwa Hispania, kutoka maneno ya Kibaski, lugha ya eneo hilo, “etxe berri”, nyumba mpya. Francisco, mmisionari Mjesuiti, alizaliwa humo mwaka 1506, akahubiri India na Japani, akafariki 1552 kisiwani karibu na pwani ya China. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na watu wakawa wanabatiza watoto kwa jina la ngome alimozaliwa. Hilo hunigusa sana, mahali kugeuka mtu! Ndiyo maana wengi huitwa Francisco Javier kwa pamoja.

Jibu la 2: Naongeza. Wakatalani huandika Xavier, kifupi Xavi, kama Xavi Hernández. Wabaski wana Xabier, kifupi Xabi, kama Xabi Alonso. Kwa Kihispania ni Javi.

Jibu la 3: Siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu huyo, ni 3 Desemba, sikukuu kubwa Navarra. Mwezi Machi mahujaji huenda ngomeni kwa miguu. Safari hiyo huitwa Javierada.

Muuliza swali: Asanteni sana. Na jina Iker je?