Ukoo wa Bibi Tandika

Shangazi Mwajuma: _Imetumwa mara nyingi_
AKINA MAMA!! Glasi 2 za juisi ya bitiruti kila siku huzalisha gesi ya NAITRIKI OKSAIDI, hufungua mishipa, KIFAFA CHA MIMBA HAKIKUGUSI. Mtumie umpendaye.

Shangazi Mwajuma: Zuhura mwanangu umeiona?

Zuhura: Shikamoo shangazi. Nimeshaanza tangu Jumapili, mkojo mwekundu mpaka nikashtuka 😂

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Ni bitiruti hiyo, usihofu.

Idi: Mamdogo Asha, mkunga wetu, hebu pitia hii.

Mamdogo Asha: Nimetoka zamu ya usiku, foleni ya Buguruni haisogei, muda ninao.

Mamdogo Asha: Gesi hiyo ipo kweli. Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu unaitengeneza wenyewe, inadumu sekunde chache tu, kazi yake ni kuulegeza mshipa. Mjamzito damu yake inaongezeka karibu nusu, mishipa isipolegea itakuwaje? Ndiyo maana presha ya mjamzito mzima hushuka kidogo katikati ya ujauzito.

Zuhura: Kweli, mimba ikiwa ya miezi mitano nilikuwa na 100/60, kizunguzungu kila nikisimama.

Mamdogo Asha: Sasa huo ugonjwa wa kifafa cha mimba mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya mji wa mimba inayolilisha ilitakiwa itanuke mapema, haikutanuka vizuri. Kondo likipungukiwa damu linamwaga protini iitwayo sFlt-1, nayo inazinasa protini zinazoichochea mishipa ya mama itengeneze gesi. Gesi inapungua, mishipa inakaza, presha juu, figo zinavujisha protini. Kile kikopo cha mkojo kliniki wanatafuta hiyo.

Idi: Si apewe vile vidonge vya wazee basi? Navyo vinafungua mishipa 🙈

Shangazi Mwajuma: Idi! Mama yako yumo humu.

Mamdogo Asha: Mwache, kauliza la maana. Sildenafili, dawa ya vidonge hivyo vya nguvu za kiume, inapita njia hiyohiyo ya gesi. Uholanzi waliwajaribishia wajawazito ambao watoto wao hawakui vizuri tumboni. 2018 wakasimamisha: baadhi ya vichanga walipata shida ya mapafu, wengine wakafariki.

Idi: Duh.

Shangazi Mwajuma: Na bitiruti je?

Mamdogo Asha: Ina naitreti. Bakteria wa mdomoni wanaanza kuigeuza, mwili unamalizia kuifanya gesi. Inaweza kushusha presha kidogo, lakini kuzuia kifafa cha mimba haijathibitishwa. Mchicha nao unayo, na fungu ni bei poa. Chenye ushahidi ni aspirini ya dozi ndogo kwa walio hatarini, daktari anaianzisha baada ya wiki 12, vizuri kabla ya 16. Na kalsiamu kwa asiyeipata ya kutosha kwenye chakula. Zuhura, mama yako alipata presha mimba yako. Uliwaambia?

Zuhura: Hawakuniuliza mamdogo. Na sasa niko wiki ya 31.

Zuhura: Halafu tangu jana viatu haviingii, na kichwa kinanigonga toka alfajiri. Nimemeza dawa ya maumivu, wapi.

Mamdogo Asha: Unaona nyotanyota? Tumbo juu, upande wa kulia, panauma?

Zuhura: Hapana, kichwa tu. Na pete imekwama.

Mamdogo Asha: Chukua kadi, nenda kapimwe SASA. Usisubiri kliniki ya Alhamisi. Ikiwa 140/90 kwenda juu usikubali kurudi nyumbani kabla hawajapima mkojo.

Idi: Vaa kanga, nakuja na bajaji.

_Saa 8:40 mchana_

Zuhura: 148/96, mkojo una protini. Wamenipa dawa ya presha, nalazwa.

Mamdogo Asha: Vizuri umewahi. Ugonjwa wenyewe tiba yake ni kuzaa, hapo wanamtafutia mtoto wiki za kukomaa huku wakikuchunga. Ikibidi wakuchome magnesiamu, utasikia joto mwili mzima, ni kawaida, inazuia degedege. Ukizaa pia usilegee, inaweza kuja hata baada ya hapo.

Shangazi Mwajuma: Wodi gani? Uji nimeshautia kwenye chupa.

Idi: Ghorofa ya pili shangazi. Njoo na mashuka, na chaja ya simu yake.