Till, STK au kadi: ipi salama kwa duka dogo la mtandaoni?

Viatu_Nairobi
Wadau, habari. Nalinganisha njia za kupokea malipo kwa duka la viatu: oda 30 hadi 40 kwa siku, nyingi za WhatsApp na Instagram, zilizobaki kwenye tovuti ya WordPress. Bei ni kati ya 2,500 na 6,000. Njia ni tatu: Till ya kawaida (namba ya M-Pesa ya kulipia biashara) na mteja anatuma skrinishoti, STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja aweke PIN) kwenye tovuti kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, au kampuni ya malipo inayopokea kadi na M-Pesa pamoja. Makato nimeshayaona. Ninachouliza ni wapi pesa inaweza kupotea.

fundi_daraja
Anza kwa kuondoa skrinishoti. Till haina ubaya wowote, ubaya uko kwenye uthibitisho. Picha inahaririwa kwa dakika mbili. Anayefungasha mzigo afungue programu ya biashara ya M-Pesa na auone muamala kwa macho yake: namba ya risiti yenye herufi na tarakimu 10, kiasi, saa. Halafu risiti hiyo iandikwe kwenye oda, kwa sababu kuna ujanja unaopita hata kwa walio makini: risiti ni ya kweli, pesa imeingia kweli, ila inatumwa kwa wafanyakazi wawili kwa oda mbili. Risiti moja, oda moja.

Kwa STK, kosa linalorudiwa ni kudhani ResponseCode 0 ni malipo. Ile inasema ombi limepokelewa tu, mteja bado hajaweka PIN. Malipo ni ResultCode 0, inayokuja baadaye kwenye anwani ya majibu uliyoitaja kwenye ombi, yaani kiungo cha seva yako. Ukiona 1032 mteja kakatisha, 1037 simu haikupatikana au hakujibu, 1 salio halitoshi, 2001 PIN imekosewa.

mama_seva
Hapo kwenye anwani ya majibu ndipo penye tundu. Majibu yale hayana sahihi ya kidijitali. Mtu akiijua anwani yako anaweza kutuma mwenyewe `"ResultCode":0` na kiasi anachotaka, na tovuti iliyojengwa kivivu itaandika "imelipwa". Kwa hiyo:

Unapotuma ombi, hifadhi CheckoutRequestID (namba ya ombi anayokurudishia Safaricom) pamoja na oda. Majibu yakija na ID usiyoijua, yatupe. Ukiijua, usiamini bado: seva yako imuulize Safaricom hali ya muamala huo, ndipo oda ibadilike. Linganisha pia kiasi na bei iliyo kwenye hifadhidata yako, siyo iliyotoka kwenye fomu. Bei ikikaa kwenye fomu, mteja mjanja anaigeuza 4,500 kuwa 10, analipa shilingi kumi halali kabisa, na risiti anayo.

Funguo za Daraja na passkey (ufunguo wa siri wa STK) zikae kwenye seva, nje ya folda inayoonekana mtandaoni, na zisipande GitHub. Tokeni, kibali cha muda kinachopatikana kwa funguo hizo, inaisha baada ya sekunde 3,600, basi kuna wanaoona usumbufu na kuiomba kutoka kwenye JavaScript ya ukurasa. Huko ni kubandika ufunguo mlangoni.

kadi_na_hesabu
Mimi ningechukua kampuni ya malipo kwa vyote, yaishe. Ila sharti moja: mteja apelekwe kwenye ukurasa wao, namba ya kadi isiguse tovuti yako. Kwa kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, hapo unajaza dodoso fupi, SAQ A. Ukizihifadhi namba mwenyewe unaingia SAQ D, dodoso refu ambalo duka la watu watatu haliliwezi. CVV, namba ya usalama iliyo kwenye kadi, haihifadhiwi kabisa baada ya muamala kuidhinishwa, na picha ya kadi kwa WhatsApp usiipokee hata mteja akibembeleza.

Fomu ya kadi ndani ya tovuti yako ni hatari hata kama huhifadhi kitu. British Airways mwaka 2018 iliibiwa kadi kwa mistari 22 ya msimbo iliyopenyezwa kwenye tovuti yake, na mwaka 2020 ikatozwa faini ya pauni milioni 20. WordPress yenye programu-jalizi 30 ambazo hazijasasishwa ni rahisi zaidi.

Washa 3-D Secure, ambapo benki humtaka mwenye kadi athibitishe malipo. Mwenye kadi akidai si yeye aliyelipa, kwa kawaida hasara huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Bila hiyo, mteja anaweza kupinga malipo hata miezi mitatu baadaye, viatu vimeshachakaa.

mama_seva
Sikubaliani na "kwa vyote". Pesa ya M-Pesa ikipita kwa kampuni ya kati, wao ndio wanaoishika mpaka siku ya kukulipa. Kwa mteja wa WhatsApp, Till inatosha.

lipa_namba_dar
Huku Dar ni Lipa Namba, lakini hoja ni ileile. Mmesahau laini ya simu. Laini inayosimamia Till isiwe ile iliyoandikwa kwenye matangazo, maana ndiyo namba ambayo matapeli watajaribu kuihamishia kwenye kadi yao ya simu. Mfanyakazi apewe ruhusa ya kuona miamala, siyo ya kutoa pesa.

Viatu_Nairobi
Sawa, Till kwa WhatsApp, STK kwa tovuti, kadi kwa ukurasa wa kampuni. Na majibu ya STK yasipofika kabisa?

fundi_daraja
Yatakosekana, hasa seva ikilemewa. Subiri dakika mbili, kisha ulizia hali ya muamala kwa CheckoutRequestID ileile. Usitume ombi jipya kabla ya jibu hilo, la sivyo mteja atalipa mara mbili na utashinda kutwa ukirudisha pesa. Jioni, linganisha taarifa ya Till na orodha ya oda, mstari kwa mstari. Muamala usio na oda utafute siku hiyohiyo, kabla mwenyewe hajapiga simu.