Forester turbo iliyotuniwa Nairobi inagonga ikipanda Mazeras

BoksaLikoni:
Wakubwa, shikamooni. Nina Subaru Forester Cross Sports SG5, injini ya turbo ya EJ205. Niliinunua Nairobi ikiwa imeshashughulikiwa: ekzosti pana toka kwenye turbo hadi nyuma, kompyuta ya injini imetuniwa (imepangwa upya), na kuna ile valvu ya kuzungusha kwa mkono ya kupandisha busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini. Geji inasoma bar 1. Kule Thika Road tuliijaribu, shwari kabisa. Tangu ishuke pwani, nikitoka Miritini nikiikanyaga gia ya tatu kupanda Mazeras, injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo. Alfajiri haisikiki sana. Mchana nikitoka foleni ya feri, ndiyo balaa. Fundi wa Mwembe Tayari kasema ni plagi, nikabadilisha, wapi! Mwingine ataka nifunge intakuula (kipoza hewa ya turbo) kubwa ya mbele. Pesa ipo lakini si ya kuchezea. Nianzie wapi?

Nyali_Usiku:
Ni huu unyevu wetu, kaka. Funga ya mbele tu umalize.

FundiMagongo:
Unyevu muuache, hauna kosa. Mvuke ndani ya hewa hupunguza nguvu kidogo, na kugonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) vilevile hupunguza.

BoksaLikoni, irudishe chini hiyo valvu ya busti leo, kisha ndiyo usome yaliyobaki. Bar 1 ya Nairobi si bar 1 ya hapa. Geji yako inapima tofauti na hewa ya nje, na valvu ya mkono haijui iko mji gani. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ya nje ni kama bar 0.83, hapa ufuoni ni 1.01. Ongeza bar 1 kila upande: kule silinda zilikuwa zinalishwa 1.83, huku 2.01. Hiyo ni karibu asilimia 10 zaidi, na sindano ya geji haijasogea.

Sensa ya hewa inaiona hiyo nyongeza na kompyuta inaongeza petroli, sawa. Shida ni taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Sehemu ya ramani (jedwali la taimingi ndani ya kompyuta) unayoiingia sasa, gari halikuwahi kuifika kule juu, kwa hiyo aliyetuni hakuigusa. Tena injini hii ilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya bei ya juu huwa karibu oktani 100 (oktani ni uwezo wa petroli kustahimili kugonga). Ya stesheni zetu haifiki hapo.

Sasa feri. Intakuula yako imelala juu ya injini, hupata hewa kupitia tundu la boneti, na gari likisimama hilo tundu halileti kitu. Ukikaa kwenye jua la Likoni inachemka pamoja na injini, halafu unashuka ng'ambo ukikanyaga. Ya mbele itasaidia, sikatai, ila mabomba yake yanabadilisha mpangilio wa hewa na utalazimika kutuni upya hata hivyo. Sasa kwa nini ulipe mara mbili?

Tafuta laptop na waya wa kuunganisha, programu ya RomRaider ni ya bure. Tazama kompyuta inarudisha taimingi nyuma nyuzi ngapi kuzuia kugonga unapokanyaga. Plagi za zamani hukuzitupa, natumai? Angalia kauri yake: vidoa vidogo vya kung'aa ni pistoni inaanza kuliwa.

Na kama umefunga ile valvu ya kupuliza nje hewa ya turbo ukibadilisha gia, ili vijana wa Bombolulu wageuke, itoe. Hewa imeshapimwa, ukiimwaga nje, petroli inazidi kila ubadilishapo gia.

BoksaLikoni:
Ahsante sana fundi. Nimeishusha hadi 0.7, nimepanda Mazeras jioni hii, haijagonga. Plagi za zamani ninazo, kauri nyeupe safi. Hiyo ya kupuliza… ipo 😅

FundiMagongo:
Jioni si kipimo. Panda saa nane mchana ukitoka feri, laptop ikiwa imeunganishwa, na mtu mwingine aishike, si wewe. Rekodi utakayopata ndiyo umpelekee wa kukutunia hapahapa Mombasa. Akikwambia haihitaji, tafuta mwingine.

Nyali_Usiku:
Valvu ya kupuliza ukiitoa, naichukua mimi.